Sound Blaster 16: muziki unalia, risasi hazisikiki

Mpemba wa Wete:
Asalaam alaykum. Nna kompyuta ya Pentium 133 aloniachia marehemu ami yangu, alikuwa na duka la kupiga chapa hapa Wete. Imekaa stoo miaka mingi pamoja na magunia ya karafuu. Mpaka leo ukiiwasha, feni inatoa harufu ya karafuu. Nimeichomeka kadi ya sauti, Sound Blaster 16 ya ISA (sloti za kizamani), natumia DOS 6.22. Muziki wa gemu unalia vizuri, lakini risasi zikipigwa, kimya. Mara nyengine mlio mmoja unakwama, ta-ta-ta-ta kama cherehani, halafu mashine inaganda. Nimebadilisha spika, nimeihamisha kadi sloti, wapi! Kwenye AUTOEXEC.BAT, faili linalosomwa DOS ikianza, nimeandika SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6 (I5 ni IRQ 5, D1 na H5 ni DMA 1 na 5). Fundi niliyempelekea kanambia kadi imekufa, niiuze chuma chakavu. Mie sijamwamini.

Fundi wa Mkunazini:
Waalaykumu salaam. Kadi iliyokufa haiimbi. Muziki unaousikia unatoka kwenye chipu ya Yamaha, OPL3. Gemu inaiandikia nota moja kwa moja kupitia anwani 388, haihitaji IRQ (laini ya kadi kumwita prosesa) wala DMA (njia ya kuchota data kwenye memori bila ya prosesa). Risasi ni sauti iliyorikodiwa: DMA inaichota kwenye memori kipande kipande, na kila kipande kikimalizika kadi inampigia prosesa hodi kwa IRQ. Hodi isipofika, kipande kilekile kinarudiwa. Ndiyo cherehani yako hiyo. Kuna aliyeikalia IRQ 5. Una kadi gani nyengine humo?

Mzee wa Chake:
Mwanangu, kabla ya hayo ichomoe uyatazame meno yake. Chumvi ya hewa yetu huijui? Mie kila kadi naisugua kwa raba ya skuli, ile nyeupe, kisha kitambaa chenye spiriti. Msasa usiuguse, utaikwangua dhahabu.

Mpemba wa Wete:
Nimesugua, raba imetoka nyeusi kama masizi ya chungu. Tatizo lilelile. Kadi nyengine ni ya netiweki, PCI (sloti mpya kuliko ISA), niliitia nihamishie mafaili.

Fundi wa Mkunazini:
Mwizi wako huyo. Washa mashine, bonyeza Pause pale linapotokea jedwali la vifaa kabla DOS haijaanza, utaona PCI imepewa IRQ ngapi. BIOS ya Pentium, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, inazigawia kadi za PCI yenyewe. Kadi yako ya sauti ni ya zamani, ya jampa (vibanio vya kuipanga kwa mkono), BIOS haiioni kabisa, kwa hiyo inaidhania 5 shamba lisilo mwenyewe. Ingia BIOS, PNP/PCI Configuration, IRQ 5 iweke Legacy ISA, yaani iachiwe kadi za zamani za ISA, DMA 1 na 5 vivyo hivyo. Wala usikimbilie IRQ 7, hiyo ya printa.

Mpemba wa Wete:
Wallahi, jedwali limeandika Network Controller, 5! Sasa imehamia 11. Nimefungua gemu saa sita usiku, risasi ya kwanza tu mke wangu karuka kitandani. Limebaki moja: spika ya kushoto inakatika, nikiisukuma plagi kwa kidole inarudi.

Mzee wa Chake:
Hiyo lehemu ya tundu la jeki imepasuka. Igeuze kadi, yeyusha upya miguu yote, si mmoja tu. Na siku ukija Chake njoo nayo hiyo mashine, niinuse.