Hesabu ya krosova iko sawa, mbona wufa bado inatoa sauti za juu?

Sauti_AreaC
Mbukwenyi wakuu. Najifunza kubuni spika za njia mbili, sitaki kununua krosova (sakiti inayogawa masafa ya sauti kati ya spika) iliyokamilika. Wufa (spika ya sauti za chini) ni inchi 6.5, omu 8. Twita (spika ya sauti za juu) ni ya kuba laini, omu 8, Fs (masafa yake ya mwangwi wa asili) 1,100 Hz. Nimekata kwenye 3,000 Hz kwa daraja la kwanza, yaani kifaa kimoja tu kwa kila spika: kapasita 6.8 µF kwa twita, koili 0.42 mH kwa wufa. Hesabu nimeirudia, iko sawa. Lakini sauti za waimbaji zinakwaruza, na nikichomoa twita, matoazi bado yanasikika kwenye wufa. Kosa liko kwenye boksi au kwenye sakiti?

fundi_kizota
Sakiti. Hesabu hiyo inaichukulia wufa kama rizista ya omu 8, na wufa siyo rizista. Ukiipima kwa mita itasoma omu 6 hivi. Juu ya hapo ina induktansi, yaani koili yake ya sauti inazuia mkondo zaidi kadiri masafa yanavyopanda. Kwa saizi hiyo tuseme 0.8 mH, ambayo kwenye 3,000 Hz inafikisha impidansi (ukinzani wote kwa mkondo geuzi) omu 16. Koili yako pale ina omu 8 tu. Masafa yakipanda, vyote viwili vinapanda pamoja, kwa hiyo mgawanyo wa volti haubadiliki. Kwenye 10,000 Hz wufa inakuwa imeshuka kwa desibeli zisizofika 4, wakati kitabu kinakuahidi karibu 11. Ndiyo matoazi unayoyasikia.

Weka Zobel, sakiti ya kusawazisha impidansi, sambamba na wufa: rizista na kapasita zilizofuatana. Rizista ni Re (zile omu 6 za mita) mara 1.25, yaani omu 7.5, wati 10. Kapasita ni induktansi gawanya kwa kipeo cha pili cha hiyo rizista: 0.0008 ÷ 56.25, inakuja 14 µF, weka 15. Hapo wufa inabaki karibu na omu 8 kwenye 3,000 Hz.

Na achana na daraja la kwanza. Kwa twita yenye Fs 1,100 linaacha nguvu nyingi mno chini, na mkwaruzo wa waimbaji naushuku hapo. Nenda Linkwitz-Riley daraja la pili, aina ya krosova yenye koili na kapasita kwa kila spika: koili ni 0.318 × R ÷ f, kapasita ni 0.0796 ÷ (R × f), R ikiwa omu 8 na f ikiwa 3,000 Hz. Unapata 0.85 mH na 3.3 µF. Kwa wufa koili inatangulia na kapasita inakaa sambamba. Kwa twita ni kinyume chake. Halafu geuza waya za twita, chanya kwenye hasi. Usipogeuza, utapata shimo kubwa hapo hapo kwenye 3,000.

Makulu_Spika
Kuhusu vifaa: kapasita za feni za dari, 3.15 µF, zinapatikana kwenye maduka ya umeme, hazina chanya wala hasi, na ni za plastiki ndani. Zinatosha kabisa kwa twita. Usiweke kapasita moja ya kawaida yenye chanya na hasi; sauti ni mkondo geuzi, itaharibika.

Koili suka mwenyewe. Waya wa shaba wa milimita 1 unauzwa kwa uzito na mafundi wa kusuka mota. Gramu 150 hivi kwa koili moja. Kiini kiwe cha plastiki au mbao, kipenyo mm 25, upana mm 25 kati ya kingo. Zungusha mara 210, kisha punguza huku ukipima mpaka 0.85. Usiifunge kwa skrubu ya chuma katikati, induktansi itapanda. Tumia kamba ya plastiki. Koili mbili ziweke mbalimbali, moja imelala, nyingine imesimama.

Sauti_AreaC
Asanteni sana. Wufa haina karatasi ya vipimo. Hiyo 0.8 mH nitaihakikishaje?

fundi_kizota
Swali zuri, maana yote niliyoandika yanategemea namba hiyo. Mita ndogo za njano hazifai: skeli yao ya volti za AC (mkondo geuzi) inaanzia 200, na hata mita nzuri kidogo nyingi hupotoka zikipita 1,000 Hz. Tumia kompyuta yenye kadi ya sauti, mlango wa kuingiza uwe wa stirio, rizista ya omu 100, na programu ya kupima sauti ya REW, ni ya bure. Itakuchorea impidansi yote, kilele cha mwangwi kikiwemo. Pima wufa ikiwa ndani ya boksi lake, na kabla ya hapo pitisha masafa ya chini polepole: kukiwa na sauti ya mchanga, vumbi la kiangazi limeshaingia kwenye pengo la sumaku, na hiyo krosova haiitibu.