Gumzo la ukoo: mchezo gani mgumu kuliko yote?

Farid: Shikamooni wakubwa. Nina swali, ila Mjomba usikasirike. Mchezo gani ndio mgumu kuliko yote duniani?

Mjomba Salum: Marahaba. Bao. Swali limekwisha.

Zuhura: 😂😂 hata hujavuta pumzi

Mjomba Salum: Sasa nivute ya nini? Mashimo 32, kete 64. Mnaanza na namua, kila mtu ana kete 22 mkononi, anaziingiza moja moja. Zikiisha mnaingia mtaji, na hapo akili inabadilika kabisa. Mtu anakula, anatembea, kete ya mwisho inaangukia shimo lenye kete, anaokota zote anaendelea. Wewe wa upande wa pili ulitakiwa uwe umeuona mzunguko wote huo kabla hajanyanyua mkono.

Farid: Sikatai Mjomba. Ila mimi nilimaanisha wingi wa sheria. Kuna mchezo wa mezani unaitwa The Campaign for North Africa, ulitoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni vita vya jangwani vya 1940 hadi 1943, Waitaliano na Wajerumani dhidi ya Waingereza. Unataka wachezaji 10, na kuumaliza inakadiriwa ni saa 1,500.

Shangazi Rehema: Saa au dakika?

Farid: Saa, Shangazi.

Zuhura: Nimepiga hesabu. Mkikutana kila Jumamosi mkacheza saa 8 bila kukosa hata wiki moja, ni zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Bibi: 🎤 _Hao watu wana wake zao kweli?_

Farid: 😂 Bibi! Sasa sikilizeni. Kila upande una watu watano, kila mmoja na cheo chake. Kuna kamanda mkuu, kuna wa mstari wa mbele, kuna wa ndege, halafu wapo wa ugavi na usafirishaji. Hao wa ugavi ndio wenye msalaba. Marubani wanafuatiliwa mmoja mmoja. Mafuta ya magari yanahesabiwa, na hata usipoyatumia yanapungua kwa jua. Ya Waingereza yanapotea haraka zaidi, kwa kuwa vyombo vyao vya kubebea vilikuwa vibovu.

Shangazi Rehema: Hiyo ni stoo. Umenielezea stoo.

Farid: Bado. Wanajeshi wa Italia lazima wapewe maji ya ziada ya kuchemshia tambi. Kikosi kikikosa, kinavurugika.

Zuhura: Acha uongo

Farid: Imeandikwa kwenye kitabu cha sheria!

Shangazi Rehema: Mwanangu, huo si ugumu, huo ni usumbufu. Kujumlisha na kutoa anajua hata mtoto, ila wameziweka nyingi. Mimi ofisini nafunga hesabu kila mwisho wa mwezi, karatasi zinafika kidevuni, na sijawahi kusema nacheza mchezo mgumu.

Mjomba Salum: Ahsante shemeji. Mwambie.

Zuhura: Mimi niko na Shangazi. Ukitaka ugumu wa kweli, tafuta mchezo wenye sheria chache. Go, kwa mfano. Ubao wa mistari 19 kwa 19, makutano 361. Unaweka jiwe kwenye makutano, halisogei tena. Ukiyazingira mawe ya mwenzio pande zote unayatoa. Mwisho mnaangalia nani kashika eneo kubwa. Basi. Mwaka 2016 mtu anaitwa John Tromp alikamilisha kuhesabu mawe yanaweza kukaa kihalali kwa namna ngapi. Jibu ni namba yenye tarakimu 171.

Farid: Na chesi?

Zuhura: Claude Shannon alikadiria mwaka 1950 kwamba michezo inayowezekana ni moja ikifuatwa na sifuri 120. Ila usizilinganishe hizo mbili, huyu alikadiria michezo mizima, Tromp kahesabu mikao ya ubao. Watu mtandaoni wanazichanganya kila siku, inaniudhi.

Farid: Ila mashine zimeshavuka huko. Kompyuta ya Deep Blue ilimfunga Kasparov, bingwa wa chesi, 1997. Kwenye Go ikabidi tusubiri hadi 2016, programu ya AlphaGo ikamfunga bingwa Lee Sedol 4 kwa 1.

Mjomba Salum: Huyo aliyepata moja alifanyaje?

Zuhura: Mchezo wa nne, Mjomba. Jiwe la 78 kaliweka mahali ambapo programu haikutegemea kabisa, ikaanza kucheza ovyo. Kwangu mimi hilo jiwe moja lina utamu kuliko mafuta yote ya Farid.

Mjomba Salum: Na drafti je? Drafti hawaiwezi.

Zuhura: Ile ya Kiingereza, ya ubao wa 8 kwa 8, imekwisha, Mjomba. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake huko Canada walithibitisha kwamba wote wawili wasipokosea, matokeo ni sare.

Mjomba Salum: Kwa hiyo kila anayenifunga…

Zuhura: Umemsaidia 🙈

Bibi: 🎤 _(kicheko, sekunde 14)_

Farid: Haya, kadi za Magic. Mwaka 2019 watafiti walionyesha unaweza kuzipanga zikafanya kazi kama kompyuta. Maana yake inaweza kutokea hali ambayo hakuna njia ya hesabu itakayokwambia kila mara nani atashinda.

Mjomba Salum: Hiyo imenipita juu ya kichwa. Endelea na nyingine.

Farid: EVE Online basi. Ni wa mtandaoni, unatoka Iceland tangu 2003, watu wanapigana angani kwa vyombo vya kila aina. Januari 2014 kundi moja la wachezaji lilikosa kulipa ada ya kushikilia eneo lake, linaitwa B-R5RB. Maadui wakaona mwanya. Vita ikawaka saa 21, walioshiriki zaidi ya 7,500, na yale madude makubwa kabisa yakateketea 75. Mitambo ilielemewa mpaka muda ndani ya mchezo ukashushwa hadi asilimia 10 ya kasi yake.

Shangazi Rehema: Vita kwa sababu ya bili?

Farid: Bili tu.

Shangazi Rehema: Sasa huo naukubali. Hapo hupigani na kitabu, unapigana na watu waliokuvizia uteleze. Mhasibu wao alikuwa wapi lakini??

Zuhura: Shangazi, kama shida ni watu, nina mmoja utaupenda. Nomic. Kautunga Peter Suber, ulijulikana 1982. Zamu yako ikifika, unachofanya ni kupendekeza kubadilisha sheria ya mchezo wenyewe. Wenzako wanapiga kura.

Farid: Yaani Mjomba akicheza karata.

Mjomba Salum: Nimekuona.

Zuhura: 😂 Hauhitaji ubao, tunaweza kucheza humu humu. Anayefika pointi 100 kwanza ameshinda. Mpaka hapo watakapoibadilisha na hiyo.

Mjomba Salum: Mimi naanza. Napendekeza: mkubwa kwa umri haruhusiwi kufungwa.

Bibi: 🎤 _Mkubwa humu ni mimi, Salum. Nakubali._

Farid: Kwa heshima zote, nakubali.

Shangazi Rehema: Napinga.

Mjomba Salum: Mmoja tu, wengi tumeshinda.

Zuhura: Hapana, Mjomba. Mizunguko miwili ya mwanzo lazima wote wakubali, wingi wa kura unaanza baadaye. Na pendekezo likikataliwa, aliyelitoa anakatwa pointi 10. Una hasi kumi. Zamu ya Shangazi.