Mrejesho: Waya wa uzi mmoja au wa nyuzi nyingi
Niliuliza ni waya upi unaofaa kwa saketi ya mashine yangu ya kutotolesha vifaranga hapa Uyole, Mbeya, ninawashukuru mlionijibu. Kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia saketi bila kulehemu) nimetumia waya wa uzi mmoja wenye kipenyo cha milimita 0.6, unaoingia tunduni bila kutawanyika. Waya wa mota ya kugeuza trei za mayai, ambao hujikunja kila trei zinapogeuka, ni wa nyuzi nyingi. Nimeubana kwa kamba ya plastiki karibu na kiungio, kwani risasi ya kulehemu hupanda katikati ya nyuzi na kuukakamaza, na hapo ndipo hukatika. Ncha zinazokazwa kwa skrubu sikuzipaka risasi, maana risasi hubonyea taratibu na skrubu ikalegea. Nimezivika vibomba vidogo vya shaba, ambavyo sokoni Mwanjelwa havipatikani kirahisi.