Naomba ushauri: nibaki na monita ya chogo au nihamie flati?

Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu maana hapa nimekwama kabisa. Nina monita ya chogo ya inchi 17, naitumia kuhariri picha na kuandika kwa masaa mengi, na rangi zake nazipenda mno, nyeusi inakuwa nyeusi kweli na hata ukiiangalia kwa pembeni picha haibadiliki. Shida ni macho, ikifika jioni yananiwasha na kichwa kinagonga, halafu lenyewe zito, linakula nusu ya meza na linatoa joto. Nimeshapandisha rifreshi (mara ambazo skrini inajichora upya kwa sekunde) kutoka 60Hz hadi 85Hz, kule kuchezacheza kwa mwanga kumepungua sana lakini uchovu bado upo.

Nimejaribu flati ya LCD ya rafiki yangu, aisee maandishi yametulia, ila nikifungua picha ya uso wa mtu nikainamisha kichwa kidogo tu ngozi inageuka rangi, na nikiweka rezolusheni tofauti na ile yake ya asili ya nukta 1280 kwa 1024 herufi zinaingia ukungu. Hapo ndo nasita, maana kazi ya picha naipenda kutoka moyoni.

Sasa kwa mliofanya kazi ya picha kwenye zote mbili, LCD yenye paneli ya IPS (aina ambayo rangi hazigeuki sana ukiiangalia kwa pembeni) naweza kuiamini kwenye rangi? Na hii ya chogo, kuna kingine cha kurekebisha zaidi ya rifreshi na mwanga ili macho yapate nafuu? Natanguliza shukrani.