"Unalipia unachotumia tu" ya wingu: nalipia hata nilichokwisha kukifuta!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Miezi saba iliyopita mimi ndiye niliyemshawishi bosi tuachane na ile seva (kompyuta kuu ya ofisi) inayonguruma chini ya ngazi, tuhamie kwenye wingu, yaani kukodi seva za kampuni nyingine kupitia intaneti. Nikamwaga maneno: hakuna kununua mashine, hakuna feni kufa, unalipia unachotumia tu, kama umeme. Akakubali. Sasa bili ya mwezi iko mbele yangu, kurasa 11, mara tatu ya makadirio niliyompelekea mwenyewe, na anayeulizwa ni mimi.

Tangu asubuhi naipitia mstari kwa mstari. Kuna seva ya majaribio ambayo kijana wetu aliiwasha Ijumaa moja, akaifuta wiki iliyofuata, nikimwona. Seva ikaenda, diski ikabaki! Kumbe kwa hawa jamaa diski haifutiki pamoja na seva mpaka uwe umetia alama kwenye kijisanduku fulani siku ya kuiunda. Miezi mitano tunalipia diski isiyounganishwa na chochote, pamoja na nakala zake za kila usiku. Anwani ya IP ya seva hiyo marehemu, ile namba yake ya mtandaoni, nayo ina mstari wake. Umehama nyumba, bado unaletewa bili ya maji.

Halafu data. Kuiingiza ni bure, kuitoa ndiyo balaa. Programu yetu ya ripoti bado iko kwenye kompyuta za ofisini, na kila saa inavuta jedwali zima la mauzo. Enzi za seva ya chini ya ngazi hilo halikutugharimu kitu; leo kila gigabaiti inayotoka ina bei. Hapo tulikosea, nakubali, tulihamisha mambo yalivyo bila kupanga upya. Lakini muuzaji alikaa nasi wiki mbili, akaiona hiyo programu inavyofanya kazi, akanyamaza.

Msiniambie niweke ukomo wa bajeti. Niliweka. Ni kengele tu, haukati chochote, na barua pepe yenyewe ilikuja asubuhi tukiwa tumeshapita.

Nisisahau siku ya mwisho ya mwezi, watu wanafunga hesabu, huduma ikalala saa tatu nzima. Mkataba unaahidi huduma kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda, yaani kwa mwezi isilale zaidi ya dakika 43 hivi. Nikauliza fidia. Jibu: punguzo la asilimia 10, kwa ile huduma iliyoanguka peke yake, si kwa bili yote, tena lazima uombe mwenyewe kwa kujaza fomu. Usipoomba, imekula kwako. Nikiandikia huduma kwa wateja narushiwa kiungo cha makala ambayo nimeshaisoma mara nne.

Kuhama? Mwaka 2024 Google (Januari), kisha Amazon na Microsoft (Machi), walitangaza kwamba mteja anayeondoka kabisa hatozwi kwa data anayotoka nayo, na sheria ya data ya Umoja wa Ulaya inafuta ada za kuhama kuanzia Januari 2027. Sawa, lakini faili zetu si tatizo. Hifadhidata (mfumo wa kutunza na kutafuta data) tuliyoshauriwa kutumia ni ya kwao wenyewe, haipo kwingine, na kuihamisha ni kuandika upya nusu ya programu. Hilo hakuna aliyelitaja siku ya kusaini.

Kampuni siitaji, sitaki kesi. Ninachotaka kujua: kuna aliyewahi kurudishiwa pesa ya diski yatima kama hizi? Alimwandikia nani, na alionyesha ushahidi gani? Na mnaotumia ofisi mbili tatu, nani kwenu mwenye kazi ya kuifungua bili kila wiki, mhasibu au fundi? Maana kwetu kila mmoja alidhani ni mwenzake.

Jibuni haraka, bosi ananiita saa tisa. Ile seva ya zamani bado iko chini ya ngazi, imebebeshwa katoni za karatasi. Nimepita nikaitazama mara mbili leo.