Askari wameuawa vitani: msemaji wa jeshi atoe idadi mapema au asubiri?

Mhariri wa zamu, Kampala

Salaam kwa wote. Alfajiri ya Ijumaa 26 Mei 2023 al-Shabaab waliivamia kambi ya UPDF, jeshi la Uganda, ya Buulo Mareer, kusini mwa Somalia. Siku hiyo hiyo jeshi lilikiri kwamba kambi imeshambuliwa, bila kutaja idadi. Siku hiyo hiyo al-Shabaab wakajigamba kuwa wameua 137. Idadi yetu, 54, ilitangazwa na Rais Museveni tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo, na kwa siku nane zile mshindo aliupiga adui. Chumba cha habari kikikosa tarakimu ya Mbuya, makao ya jeshi, kitaandika ile iliyopo, na hata ukitanguliza neno "wanadai", msikilizaji anakumbuka 137 tu. Msimamo wangu: idadi ya awali itoke ndani ya saa 24, hata kama kesho itapanda. Anayepinga atupe sababu za kazi.

Afande mstaafu, Gulu

Bwana Mhariri, saa 24 ni za dawati lako, si za uwanja wa vita. Sikiliza hesabu inavyopatikana. Kambi ikivunjwa askari hutawanyika. Kamanda aliyebaki huwakusanya waliopo, akaita majina kutoka orodha ya kikosi. Asiyeitika hajafa, haonekani tu. Huenda amebebwa na gari la kikosi jirani, amelazwa hospitali ya misheni, ametekwa, au anatembea usiku na kujificha mchana akitafuta kambi nyingine. Wapo wanaotokea siku ya tatu au ya nne. Orodha yenyewe haiwi safi: ina walioko likizo, walioazimwa na kikosi kingine, wagonjwa waliosafirishwa wiki iliyopita na majina yao hayajafutwa. Kisha kuna miili isiyo na kitambulisho, ambayo lazima aje mtu aliyemjua marehemu aitazame. Ukitangaza 54 siku ya kwanza kisha watano wakaingia wakiwa hai, familia tano zimeweka matanga bure. Ukitangaza 30 ikapanda hadi 54, mtasema nilificha 24.

La pili, idadi ni taarifa ya kijasusi. Adui anajua alichofyatua, hajui kimefanya nini. Akiambiwa kikosi kimepoteza theluthi ya watu wake, amejua pa kurudi wiki ijayo.

La tatu ndilo kubwa kwangu. Askari hujaza jina la ndugu wa karibu siku anayoandikishwa. Miaka kumi baadaye ile namba ya simu haipatikani, mke amehama, baba amefariki. Inabidi afisa apande gari hadi Adjumani au Kisoro, amtafute mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, amwoneshe nyumba, na kama familia ni ya dini aende na padri au shehe. Mama asikie redioni kabla hajamwona huyo afisa mlangoni? Hapo sikubali.

Mtangazaji wa redio, Kasese

Afande, kwa heshima yote, mama anasikia tu. Picha za maiti hufika kwenye simu ya kijana wake wa bodaboda kabla ya gari lenu kuvuka daraja la Karuma. Swali ni kama atasikia kwanza kutoka kwenu au kwa muuaji.

Nikubaliane nawe kwamba tarakimu tupu ni hatari, na mfano uko hapa kwetu. Usiku wa 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Asubuhi polisi walisema miili 25. Jeshi likasema 37. Meya wa mji akasema 41. Ikafika 42, wanafunzi wakiwa 37. Mitaani watu wakasema serikali inadanganya. Lakini 25 ilikuwa miili iliyokwisha kufikishwa hospitali ya Bwera kufikia saa ile. Ile 42 ilijumlisha wanafunzi, mlinzi na wakazi wa jirani, na kuna waliokuwa wameungua kiasi cha kuhitaji kipimo cha DNA. Kila aliyesema alihesabu kitu chake, kwa saa yake, na hakuna aliyetaja anahesabu nini. Kila idadi ingekuja na maelezo matatu, yaani nani amehesabu, amehesabu nini, mpaka saa ngapi, kupanda kwake kusingemshtua mtu.

Kuna tatizo jingine ambalo watu wa Kampala hamlioni. Tamko la jeshi linaingia kwenye kundi la WhatsApp la wanahabari kwa Kiingereza saa kumi na mbili na dakika 45, na taarifa ya habari ni saa moja kamili. Ndani ya robo saa tunalitia kwenye Lukonzo, Rutooro na Kiswahili. Lina lile neno la kijeshi la kusema adui "ametolewa vitani", ambalo linaweza kumaanisha ameuawa, amejeruhiwa au ametekwa. Mtafsiri mwenye haraka anaandika "ameuawa". Kesho yake jeshi linaonesha watu wanne waliokamatwa hai, na simu za wasikilizaji hazikatiki: si mlisema wamekufa? Jeshi hili linaamrishana kwa Kiswahili tangu zamani. Kwa nini tamko lisitoke kwa Kiswahili pia, limeandikwa na mtu wa jeshi anayejua alichomaanisha?

Afande mstaafu, Gulu

Hilo la Kiswahili nalikubali bila masharti, nyabo. Karani mmoja wa idara ya habari analimaliza kwa nusu saa.

Wakili, Mbarara

Sheria isisahaulike. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa pale kuzitoa kunapoweza kuhatarisha usalama au mamlaka ya nchi. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 inatoa siku 21 za kujibu ombi. Kwa habari za vita siku 21 hazimsaidii mwandishi, ndiyo maana kila kitu kinaangukia kwenye hiari ya msemaji. Na hiari hiyo imewahi kuvunjika vibaya: Oktoba 2002 polisi walivamia ofisi za The Monitor na gazeti likafungwa kwa siku kadhaa, kwa sababu ya habari ya helikopta ya jeshi huko kaskazini. Februari 2004 Mahakama ya Juu ikafuta kosa la "habari za uongo" katika kesi ya wanahabari Onyango-Obbo na Mwenda. Majaji walisema hata kauli isiyo ya kweli haipotezi ulinzi wa Katiba kwa hilo peke yake. Kwa hiyo msemaji hana tena fimbo ile ya kumpiga mhariri aliyekosea kidogo. Anachobaki nacho ni kuaminika.

Mpiga picha, Kampala

Mnazungumza tarakimu tu, lakini picha ndiyo inayoua. Picha ya simu hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, hivyo zima huduma ya mahali kabla hujapanda gari la jeshi, si baada. Mlima nyuma ya askari unatosha kumwonesha mtu wa eneo hilo mzinga uko wapi. Kata nembo ya kikosi, namba ya gari na uso wa marehemu. Anayesaini masharti ya kufuatana na kikosi asaini akiwa ameyasoma.

Mhariri wa zamu, Kampala

Afande, nimekusikia kuhusu wasioonekana, nalegeza. Naacha idadi ya saa 24. Siachi kauli ya saa mbili za kwanza: kambi fulani imeshambuliwa, tumepoteza watu, hesabu inaendelea, tutasema tena saa kumi na mbili jioni. Halafu saa kumi na mbili msemaji atokee, hata kama hana jipya. Asipotokea saa aliyoitaja mwenyewe, hakuna mhariri atakayesubiri mara ya pili.

Nyongeza: msemaji awe mmoja. Desemba 2013 tuliambiwa vikosi vimekwenda Juba, Sudan Kusini, kuwatoa Waganda. Januari 2014 Rais mwenyewe akiwa Luanda akasema vimepigana dhidi ya waasi wa Riek Machar wa huko. Machi 2025 Mkuu wa Majeshi akatangaza kwenye X kwamba vikosi maalumu viko Juba, waziri wa habari wa huko akakanusha, kisha ikathibitika. Mwandishi ampigie nani hapo?

Afande mstaafu, Gulu

"Tumepoteza watu" ndani ya saa mbili nakubali. Sehemu itajwe kwa jina la mkoa, si la kambi, kama kuna kambi jirani bado inapigwa. Idadi itoke pale robo tatu ya familia zimefikiwa, na nyie mshikilie mliyo nayo mpaka hapo. Kuhusu mkubwa kusema kabla ya msemaji, hakuna kanuni ya idara ya habari inayomfunga Amiri Jeshi Mkuu. Msemaji anachoweza ni kuomba apigiwe simu dakika kumi kabla.

Mtangazaji wa redio, Kasese

Robo tatu kwa hesabu ya nani, Afande? Kama ni yenu peke yenu, tutasubiri hata siku nane nyingine. Weka kikomo: saa 72, familia ziwe zimefikiwa au la, idadi itoke bila majina. Na kituo kitakachovunja zuio kabla ya hapo kitolewe kwenye kundi la WhatsApp kwa mwezi mmoja, kwa uamuzi wa wahariri wenyewe, msemaji asiuguse.

Afande mstaafu, Gulu

Saa 72 kwa shambulio la ndani ya Uganda, sawa. Kwa Somalia, ambako miili husubiri ndege, nipe 96.