Mafundi umeme, mbona hamuulizi watu watakaa wapi kabla ya kufunga taa za sebuleni?

Wakuu, nimevumilia miezi minne, leo nasema.

Sebule yangu ni mita 5 kwa 4. Fundi kanijazia spoti 16, zile taa ndogo za kuzamishwa kwenye dari la jipsam, zimezunguka kingo zote nne, kila moja wati 7, zote za ule mweupe mkali wa kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Na zote ziko kwenye swichi moja. Moja! Ukibonyeza zinawaka 16, ukizima ni giza totoro.

Pigeni hesabu. Boksi limeandikwa lumeni 600, yaani kiasi cha mwanga unaotoka, kwa kila spoti. Mara 16 ni 9,600. Gawanya kwa mita za mraba 20, ni luksi 480, yaani lumeni 480 kwa kila mita ya mraba. Hata ukitoa mwanga unaopotea kabla haujafika chini, bado ni mwingi mno. Luksi 500 ndizo zinazotakiwa juu ya meza ya mtu wa ofisini anayesoma makaratasi. Sebule ya kupumzikia, 100 hadi 200 zinatosha, halafu unaongeza taa pale penye kazi.

Na kwa mwanga wote huo, mama yangu haoni. Amekuja kutusaidia mtoto, na kila baada ya Isha anakaa kwenye kochi la ukutani na msahafu wake. Spoti imekaa juu, nyuma ya kisogo, kwa hiyo kivuli cha kichwa chake kinaangukia ukurasa, huku zile za upande wa pili zinamchoma macho. Juzi nikamkuta chumbani, kitandani, anasomea tochi ya simu. Mama yangu, nyumbani kwangu, tochi ya simu! Iliniuma sana.

Taa ya kusimama pembeni ya kochi, balbu ya wati 9 yenye mwanga wa njano wa kelvini 2700 au 3000, ingemaliza habari. Soketi iko wapi sasa? Zote mbili ziko ukuta wa TV. Nivute ekstensheni ipite hapo hapo mtoto anapotambaa?

TV yenyewe tunaiangalia huku taa za spoti zimejichora kwenye kioo chake. Upande ule ulistahili swichi yake.

Nikanunua dima, ile swichi ya kupunguza mwanga, nikidhani nimepata dawa. Taa zikaanza kucheza na kutoa mlio. Kuja kusoma boksi vizuri, maandishi madogo kabisa yanasema hizi spoti hazifungwi na dima. Fundi aliyezichagua hakunitamkia hilo hata siku moja.

Nilipompigia akanijibu, "Bosi, ndiyo fasheni ya sasa, kila mtu anaweka hivi." Kila mtu nani? Kabla hajalaza mabomba ya waya ukutani hakuuliza kochi linakaa wapi, TV ukuta gani, nani anasoma usiku. Kuuliza hakumgharimu hata shilingi. Mimi sasa kutenganisha swichi ni kuchimba ukuta, plasta upya, skimu upya, rangi upya. Fundi wa pili kaja kuangalia, anasema bomba linaloshuka kwenye swichi limejaa, halipitishi waya mwingine.

Nyie ambao bado hamjapiga plasta, nawaomba, chukueni chaki mchore makochi na TV pale sakafuni, ndipo fundi apange taa. Mwambieni safu za taa zitengane kwenye swichi, soketi iwepo nyuma ya kila kochi, na mkitaka dima ijulikane kabla ya balbu kununuliwa. Akinung'unika, tafuteni mwingine.

Huyu wangu bado ananidai laki moja na nusu ya mwisho, na jana katuma meseji ya kuniharakisha. Nimemjibu aje kwanza saa mbili usiku, akae kwenye kochi la mama, afungue kitabu asome ukurasa mmoja. Hajajibu mpaka sasa.